Vijana na Afya ya Mji
Hotuba ya Mweka Hazina katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa wanachama wa Kitale na Bungoma



Nashukuru kupewa nafasi ya kusema maneno machache kabla ya azimio la tatu kuletwa mbele yenu. Hesabu ya fedha za mwaka mmekwisha kuisikia, nami sitairudia. Nataka kusema juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari langu, ingawa gharama yake twailipa kila mwezi. Jambo lenyewe ni afya ya miji yetu hii miwili, na ni nani astahiliye kuiongoza kazi ya kuilinda.

Vyama kama hiki chetu vilianzishwa mijini ili watu walio mbali na kwao wapate kuuguzana na kuzikana. Hiyo ni kazi ya heshima, wala hapana atakayeidharau. Lakini yafaa tukiri kwamba tumekuwa hodari wa kuchangia jeneza kuliko kuchangia sabuni. Mtu akifa, fedha hupatikana usiku ule ule. Mtu akiomba mfuniko wa kisima, huambiwa angoje mkutano ujao. Nasema hivi bila ya kumlaumu mtu, kwa sababu mwenye kushika fedha hizo ni mimi.

Mwaka jana, katika ukumbi huu huu, vijana wetu walileta ombi. Waliomba mambo matatu: wapewe ufunguo wa ukumbi siku za Jumamosi, wapewe fedha kidogo za kuanzisha kazi ya afya katika mitaa, na wawe na daftari lao wenyewe la hesabu. Sisi wazee tuliwasikiliza kwa adabu, tukawapigia makofi, kisha tukawapa mafagio. Ombi lao lilikataliwa. Nilisimama hapa nilipo sasa nikasema kwamba kijana na fedha ni kama paka na maziwa. Watu wakacheka, nami nikaketi nikijiona nimesema neno la busara.

Bwana Mwenyekiti, leo nimekuja kulirudisha neno lile.

Vijana wale hawakununa. Walinunua daftari la shule kwa fedha zao, wakajigawa wawili wawili, mvulana na msichana, wakaanza kuzunguka katika mtaa wetu wa Kitale jioni na siku za mapumziko. Katika kila ploti waliuliza maswali manne: Maji ya kunywa yanatoka wapi? Choo kiko umbali gani na kisima? Choo hicho kinatumiwa na jamaa ngapi? Je, pana mahali pa kunawa mikono penye sabuni? Hawakugombana na mtu wala hawakumwita mtu mchafu. Waliandika tu.

Walipomaliza waliniletea daftari lile nyumbani. Nililifungua ukurasa wa kwanza, na jina la kwanza nililolikuta lilikuwa langu. Nina ploti yenye vyumba vya kupangisha, kama wengi wenu mjuavyo. Waliandika kwamba wapangaji wangu wote hutumia choo kimoja cha shimo, kwamba choo hicho kiko upande wa juu wa kisima, na kwamba mtu aweza kutoka hapa kwenda pale kabla hajamaliza kuhesabu hatua ishirini.

Niliona hasira nyingi. Nilimwita baba wa kijana mmoja, tukakaa, nikamweleza jinsi mwanawe alivyonivunjia heshima. Mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu: “Je, ni uongo?” Sikuwa na jibu. Kesho yake nilichukua kamba nikaenda kupima. Kanuni ifundishwayo na mabwana afya ni kwamba choo cha shimo kiwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na kisiwe upande wa juu ambako maji huteremkia. Kamba yangu haikuhitaji kukunjuliwa nusu yake.

Nikakumbuka wapangaji walionijia miezi mingi na maneno yale yale: mtoto anahara, mtoto ana homa ya matumbo, kodi itachelewa kwa sababu fedha zimekwenda hospitali. Nami nilikuwa nikiwahurumia na kuwapa siku za kungoja. Kumbe ugonjwa nilikuwa nikiwauzia mimi mwenyewe pamoja na chumba. Kisima kile nimekifunga, na choo kipya kimechimbwa mahali pengine. Jambo hilo halikuletwa na baraza la wazee wala na daktari. Lililetwa na vijana wenye daftari la shule.

Sasa, wenzangu, tusidhani kwamba jambo hili ni la mtaa mmoja. Miji yetu miwili inatofautiana. Kitale iko juu, yapata mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ilikua upesi baada ya reli kufika mwaka 1926, ikiwa ni mji wa wakulima wakubwa na vibarua wao. Watu waliokuja kutafuta kazi walijenga palipopatikana, na hivyo mitaa kama Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa ikajaa watu kabla ya mabomba na mitaro kufika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakazi wa mitaa hiyo waliketi pamoja na Baraza la Manispaa la wakati ule na shirika la ITDG, ambalo leo huitwa Practical Action, wakapanga wao wenyewe lipi litangulie: maji, vyoo au njia. Kazi ile ilitufundisha kwamba mkazi hujua mahali panapomuuma kuliko mgeni mwenye ramani.

Bungoma iko chini zaidi, yapata mita 1,400, tena imo katika ukanda wa Ziwa ambako malaria haina likizo. Huku Kitale malaria huja kwa mafuriko yake, mwaka mmoja kidogo, mwaka mwingine nyingi. Kule Bungoma hukaa kama mwenyeji. Kwa hiyo vijana wa tawi letu la Bungoma wakianza kazi yao, daftari lao litakuwa na maswali mengine: Je, chandarua kimetundikwa au kimefunikia vifaranga? Mwenye homa alipimwa kabla ya kupewa dawa? Mtoto amemaliza chanjo zote? Mtakumbuka kwamba chanjo ya malaria ilianza kutolewa katika sehemu kadhaa za magharibi ya Kenya mnamo Septemba 2019, na baadhi ya sehemu za Bungoma zilikuwamo. Chanjo hiyo si ya mara moja. Dozi ya mwisho huja baada ya muda mrefu, wakati mama amekwisha kushughulika na mambo mengine. Nani atakayemkumbusha, kama si binti wa jirani mwenye kujua tarehe?

Bungoma ina somo jingine ambalo lapasa tulikumbuke. Katika miaka ya 1999 na 2000, shirika la AMREF na maofisa wa afya wa Wilaya ya Bungoma ya wakati ule walitambua kwamba watu wengi wakishikwa na homa hukimbilia dukani kabla ya kwenda zahanati. Serikali ilikuwa imebadili dawa ya malaria mwaka 1998, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeshindwa na vimelea, lakini maduka mengi yalikuwa yangali yakiuza kwa mazoea. Basi maofisa wale hawakuwakusanya wenye maduka wote darasani. Waliwafundisha wauzaji wa jumla na wachuuzi waliozungusha dawa vijijini, wakawapa mabango ya kubandika madukani, yenye kuonyesha dawa ifaayo na kipimo chake kwa umri wa mgonjwa. Mchuuzi alipopeleka bidhaa alipeleka na bango. Baadaye walitumwa watu waliojifanya wanunuzi wa kawaida, na ikaonekana kwamba maduka yaliyopata mabango yaliuza dawa ifaayo, kwa kipimo kifaacho, mara nyingi zaidi kuliko maduka yasiyoyapata.

Nawaomba mlitafakari jambo hilo. Habari ya afya ilipanda juu ya baiskeli iliyokuwa inakwenda safari yake. Siku hizi ni nani wanaokwenda kila mahali katika miji yetu? Ni vijana. Wao ndio waendeshao bodaboda, wao ndio wachuuzi wa stendi, wao ndio wanaocheza kandanda katika kila uwanja, na wao ndio wanaosomewa barua ya shule ambayo baba hana nafasi ya kuisoma. Tena lile bango la mwaka 2000 leo halifai, kwa maana dawa imebadilika tena tangu wakati ule, na sasa mgonjwa hutakiwa apimwe kwanza. Kwa hiyo kazi ya afya haifanywi mara moja ikaisha. Inataka watu watakaoendelea kujifunza, na mwenye miaka mingi mbele yake ana faida kuliko sisi tuliobakiwa na michache.

Nitawapa mfano wa pili, kutoka Nairobi. Mwaka 1987, katika mtaa wa Mathare, Mkanada mmoja aitwaye Bob Munro na vijana wa mtaa ule walianzisha chama cha michezo. Kandanda lilikuwapo, lakini takataka zilikuwapo pia, tena nyingi kuliko mipira. Wakatunga sheria ya ajabu: timu itapata pointi kwa ushindi wa uwanjani, na itapata pointi vilevile kwa kusafisha mtaa. Timu yenye mabao mengi na uvivu mwingi haikuweza kuchukua kikombe. Katika miaka ya 1990 vijana hao walianza pia kuelimishana juu ya ukimwi, wakati ambapo wazazi wengi walikuwa hawawezi kulitaja neno hilo mezani. Jambo kubwa ni hili: kamati za chama kile huchaguliwa na vijana wenyewe, na vijana wenyewe huongoza. Hawakungojea wapate mvi.

Sasa linganisheni na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Wakati wa ugonjwa wa korona, Serikali ilianzisha mpango wa Kazi Mtaani, na mwezi wa Julai 2020 mpango huo ukapanuliwa hadi kaunti zote 47. Vijana walizibua mitaro, wakafyeka majani, wakalipwa ujira wa siku. Ulikuwa msaada mwema kwa watu wenye njaa, nami siusemi vibaya. Lakini mpango ulipokwisha, mitaro mingi ilirudi kuziba. Kwa nini? Kwa sababu kijana alipewa sepeto, hakupewa mtaro. Aliambiwa wapi achimbe. Hakuulizwa maji yanatoka wapi wala yanakwenda wapi. Mwenye kufanya kazi kwa kuagizwa huondoka agizo likiisha, lakini mwenye kazi yake hukaa nayo.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka iingie katika mioyo yenu leo. Kijana aliyepewa fagio peke yake ni kibarua. Kijana aliyepewa ufunguo, daftari na sauti katika baraza ni kiongozi. Miji yetu ina vibarua wa kutosha.

Najua mambo yatakayosemwa kupinga. Nayajua kwa kuwa mengine niliyatunga mimi.

La kwanza, mtasema fedha zitapotea. Yawezekana. Lakini mimi ni mweka hazina, nami naweza kuwaambieni kwamba hata mikononi mwetu sisi wenye mvi kuna mikopo ambayo sijaiona ikirudi. Dawa ya kupotea kwa fedha si umri, ni hesabu. Na tuwape fedha kidogo, waandike kila senti, daftari lao likaguliwe pamoja na langu na mkaguzi yule yule, siku ile ile.

La pili, mtasema watajifanya madaktari. Hofu hii ina haki. Kijana asimpe mtu dawa, wala asimwambie mtu ana ugonjwa gani. Kazi yake ni kuuliza, kuandika, kuonyesha njia, kukumbusha, na kumpeleka mgonjwa kwa mwenye ujuzi. Afanye kazi pamoja na Bwana Afya na pamoja na wahamasishaji wa afya ya jamii, wale ambao Septemba 2023 Serikali ilitangaza kuwatuma nchini kote, wapatao 100,000, wakiwa na mikoba ya vipimo vya presha na sukari. Mhamasishaji mmoja ana nyumba nyingi za kuzungukia. Akiwa na vijana wanaomtangulia na kumwambia nyumba ipi ina mama mjamzito asiyekwenda kliniki, na ipi ina mzee anayeanguka kwa kizunguzungu, hatua zake zitapungua na kazi yake itazidi.

La tatu, mtasema hiyo ni kazi ya kaunti. Ni kweli. Katiba ya mwaka 2010 imeipa serikali ya kaunti kazi ya afya ya msingi, na pamoja nayo uzoaji wa takataka na uangalizi wa wauza vyakula. Katiba hiyo hiyo inasema kila mtu ana haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na kwamba vijana wapewe nafasi ya kushiriki katika mambo ya nchi. Lakini haki haitembei yenyewe kuja nyumbani. Kaunti ikiulizwa na mtu mmoja mwenye kulalamika, hujibu kwa ahadi. Ikiletewa daftari lenye mtaa mzima, ploti kwa ploti, kisima kwa kisima, ni vigumu kujibu kwa ahadi. Mimi mwenyewe nilishindwa kulijibu.

La nne ni lile lisilosemwa wazi, yaani heshima. Tunaogopa kukosolewa na watoto wetu. Husemwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Naam, lakini katika ploti yangu mzee alikuwapo, na maji yaliharibika. Wengi wetu tumetoka katika nyumba ambazo, mwezi wa Agosti wa kila mwaka usiogawanyika kwa baki, kijana hutahiriwa mbele ya watu, kisha huketishwa chini akaambiwa: tangu leo wewe si mtoto, nyumba na watu wake wakutegemee. Tunampa maneno makubwa namna hiyo asubuhi ya baridi, na baada ya hapo tunamnyima ufunguo wa ukumbi wa mabati. Ama tuliyomwambia yalikuwa kweli, au tulikuwa tukiimba tu.

Na mabinti zetu je? Wao hawana Agosti yao, lakini wao ndio wachotao maji, ndio wabebao wadogo zao hadi zahanati, na ndio wakosao siku za shule kwa mambo tunayoona haya kuyataja. Sheria ya mwaka 2017 iliagiza kwamba wasichana walio shuleni wapewe taulo za hedhi bure. Ni nani katika baraza hili aliyekwisha kwenda kuuliza shuleni kama zinafika? Mimi sikwenda. Msichana mmoja katika kundi la daftari alikwenda. Ndiyo sababu azimio linataka viti viwili vya kamati, na kimojawapo kiwe cha msichana.

Bwana Mwenyekiti, sitaki kuwachosha. Azimio la tatu lina vifungu vinne. Kwanza, vijana wa Kitale, na vijana wa tawi la Bungoma vilevile, wapewe ufunguo wa ukumbi kila Jumamosi. Pili, watengewe fungu dogo katika hesabu ya mwaka ujao, nao waliweke katika daftari lao, likaguliwe kama langu. Tatu, viti viwili katika kamati kuu viwe vyao, na wavijaze wao wenyewe kwa kuchagua. Nne, mara mbili kwa mwaka taarifa yao isomwe katika mkutano kama huu, majina ya ploti yakiwamo, hata zile za wakubwa.

Kifungu hicho cha nne ndicho kichungu, nami naomba msikikate. Nyinyi vijana, nanyi nina neno kwenu. Mkipewa ufunguo huu, mtapewa pamoja nao lawama. Siku hesabu isipolingana, mtasimama hapa niliposimama. Siku mtakapoandika jina la mtu kwa chuki na si kwa kipimo, mtakuwa mmelichoma daftari lenu wenyewe. Pimeni kwanza kwa kamba, ndipo mwandike. Na mwenye ploti akirekebisha, liandikeni na hilo pia, kwa herufi kubwa zile zile.

Mwaka jana nilisema maneno yaliyowachekesha watu, na kwa muda wa miezi mingi baada ya hapo watoto wa wapangaji wangu waliendelea kuyanywa maji yale. Hilo siwezi kulifuta. Naweza tu kuinua mkono leo wakati Mwenyekiti atakapouliza, na nawaombeni mniunge.

Ufunguo huu hapa mezani.